Panzi Walipopatana

Risiti nazitia kopo la maziwa ya unga,
mwaka juu ya mwaka, nimezifunga kwa uzi.
Si kwamba niliijua sheria;
marehemu mume wangu alikuwa karani wa bandari,
na karani hatupi karatasi.

Tanuri letu liko Majengo, nyuma ya fundi saa.
Zamani Ngamia akipandisha bei, nilihamia Taji.
Taji akiringa, nilirudi kwa Ngamia.
Wauzaji wao wakikutana mlangoni pangu
walioneana kijicho kama wake wenza:
huyu anipunguzia hamsini kwa gunia,
yule aniongeza pakiti ya hamira,
nami kati yao nanywa chai yangu.
Vita vya panzi, furaha ya kunguru,
na Mombasa, kunguru hatufunzwi na mtu.

Kisha panzi wakapatana.
Haikupigwa ngoma. Jumatatu moja ya Mfungo Sita
Ngamia alipanda mia na themanini,
Taji mia na themanini,
saa nne, chai haijapoa.
Wauzaji walikuja kwa gari moja.
"Ngano, mama. Dola, mama,"
wakaitikia pamoja kama watoto wa chuoni.

Ofisi ya ushindani ikanitumia binti, Nafula,
amevaa koti kwenye joto la Machi.
Alizipanga risiti sakafuni akapiga magoti.
"Hii ina jina, mama. Kupanga bei.
Sheria haitaki wapatane."
Nikacheka. Umri wangu wote naambiwa patana:
na jirani, na mawifi, na shemeji wa mirathi.
Fahali wawili, tulifunzwa, hawakai zizi moja;
sheria ya Nafula yalala mlangoni mwa zizi
ili wakae wawili,
na wasiwe marafiki.

Nikamwambia, basi fika na Tanga.
Yuko mwana wa mamangu mdogo, Mwinyihatibu,
akaanga maandazi Makorora.
Unga ni huu huu, kinu ni hicho cha Shimanzi,
na kwake bei ilipanda Jumatano:
siku mbili tu, mwendo wa lori na usingizi wa dereva.

Nafula akaweka kalamu chini.
"Sheria yangu inaishia Lunga Lunga.
Ng'ambo wana tume yao na vifungu vyao.
Tutaandika barua."
Barua! Gunia lavuka kwa muhuri mmoja,
swali lipange foleni.

Usiku nikapiga simu Tanga. Mke wa Mwinyihatibu,
Mwanamkasi, asiyeweza kukasirika bila vina,
akanijibu papo hapo:

*Wauza unga wawili, wamekaa meza moja,*
*bei wakaikubali, wakatutupia hoja;*
*sheria zetu ni mbili, kila moja na kioja,*
*mpaka hupita mali, na swali lajikongoja.*

Kisha picha zikaingia, moja moja:
risiti zake juu ya meza yenye mafuta,
moja ina alama ya dole gumba.
Asubuhi nikamwonyesha Nafula.
"Hizi siwezi kuzipokea, mama. Zinataka kiapo,
zinataka wakili wa kwao."
Akasema hivyo huku akiandika tarehe
pembeni mwa gazeti.

Miezi kumi na minne. Faini ikalipwa serikalini,
kwangu haikufika hata punje ya hamira.
Lakini Alhamisi iliyopita Taji ameshusha arubaini,
na Ngamia thelathini na tano.
Tano, hiyo iliyo kati yao!
Sijawahi kuipenda shilingi tano namna hii.
Na wamekuja kwa magari mawili.

Tanga bei ni ile ile.
Barua, wasema, imepokelewa.
Mwinyihatibu amenipa dereva bahasha yenye harufu ya iliki,
nami nimeosha kopo la pili,
nimelianika dirishani, likauke.